Ngazi Isiyopandwa kwa Mfululizo: Daraja Kumi na Nne za Roho katika Maandishi ya Wajaini

Dini ya Kijaini imeacha hazina kubwa ya maandishi katika Kiprakriti, Kisanskriti, Kikannada na Kigujarati, lakini hazina hiyo imehakikiwa kwa nadra sana katika idara za fasihi za Afrika Mashariki. Aghalabu wanaoigusa huigusa kwa ajili ya fundisho lake la kutodhuru kiumbe chochote, kisha wakaishia hapo. Makala haya yanajishughulisha na kipengele kimoja tu cha hazina hiyo, nacho ni orodha ya daraja kumi na nne ambazo roho huwa ndani yake tangu upofu wake wa asili hadi ukombozi. Orodha hiyo huitwa gunasthana, neno linaloweza kufasiriwa kuwa 'kituo cha sifa'. Vitabu vya utangulizi hupenda kuieleza kama ngazi ya kawaida: roho hukanyaga kipandio cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, hata ikafika kileleni. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba maandishi yenyewe hayasemi hivyo, na kwamba mtu akiisoma orodha hii kwa kuzingatia historia yake, atakuta ndani yake mambo mawili yaliyowasumbua waandishi wa Kijaini kwa zaidi ya miaka elfu: nani aweza kupanda, na kwa nini ielezwe ngazi ambayo sehemu yake ya juu imefungwa.

Kabla ya kuendelea, istilahi mbili zinahitaji kuwekwa sawa. Neno 'kidato' lingefaa kwa maana yake ya asili, lakini msomaji wa Kenya hulihusisha na shule, ambako mwanafunzi hutoka kidato kimoja kwenda kinachofuata bila kuruka. Ndiyo sababu neno 'daraja' limependelewa. Hali kadhalika, jiva ya Wajaini imefasiriwa kuwa 'roho' wala si 'nafsi'. Aliyelelewa na tenzi za pwani akisikia habari za daraja za nafsi atakumbuka mara moja nafsi iamrishayo maovu, ile ijilaumuyo na ile iliyotulia. Mfanano huo unavutia, ila unapotosha. Nafsi ya tenzi huhesabiwa mbele ya Muumba, ilhali jiva haikuumbwa na yeyote, haina mwanzo, na imo katika kila chenye uhai, hata katika tone la maji na donge la udongo.

Kwa mujibu wa Wajaini, karma si jambo la kimaadili tu. Ni vumbi laini la maada linaloinata roho kila inapotikiswa na tendo, na gundi yake ni hawa nne: hasira, kiburi, hila na tamaa. Kila hawa huwa na nguvu za viwango vinne. Wafafanuzi huvieleza viwango vya hasira kwa mfano wa mstari: kuna hasira iliyo kama mstari uliochorwa juu ya jiwe, nyingine juu ya ardhi, nyingine juu ya mchanga, na ya mwisho juu ya maji. Mfano huu si pambo. Mfumo mzima wa daraja umepimwa kwa mistari hiyo. Ule wa jiwe ukifutika, roho huweza kuona ukweli. Ule wa ardhi ukifutika, mtu huweza kushika nadhiri ndogo za mwumini wa nyumbani. Ule wa mchanga ukifutika, huweza kuwa mtawa. Na ule wa maji haufutiki kabisa hata katika utawa wa kawaida.

Orodha yenyewe haikuzuka mara moja. Mapokeo huweka kifo cha Mahavira mwaka 527 K.K., lakini sehemu kongwe kabisa za maandishi matakatifu zinamzungumzia mtawa anayevumilia baridi, mbwa na matusi bila kumpangia daraja kumi na nne. Umasvati naye, aliyeandika Tattvartha Sutra katika karne za mwanzo B.K., kitabu cha pekee kinachokubaliwa na madhehebu yote mawili makuu, yaani Shvetambara na Digambara, hakuitoa orodha hiyo. Katika sura ya tisa alitaja aina kumi tu za watu, kila aina ikikung'uta karma kwa wingi usiohesabika kuliko iliyoitangulia: mwenye mtazamo sahihi, mwumini wa nyumbani, mtawa, na kuendelea hata kwa mshindi, yaani jina. Baadhi ya istilahi za daraja za juu zimo humo, lakini nambari kumi na nne haimo. Hatua ya kuzipanga zote pamoja inaonekana katika Shatkhandagama, kitabu cha Digambara ambacho mapokeo huwanasibishia Pushpadanta na Bhutabali, wanafunzi wa mzee Dharasena wa mlima Girnar. Baadaye Pujyapada, alipofafanua kitabu cha Umasvati, aliingiza daraja zote kumi na nne katika ufafanuzi wake kana kwamba Umasvati mwenyewe alikuwa akizijua. Huu ni mwenendo wa kawaida wa wafafanuzi popote pale: hujaza kimya cha matini kwa elimu ya zama zao, na msomaji wa baadaye hushindwa kutenganisha viwili hivyo.

Aliyeipa orodha sura inayofahamika zaidi ni Nemichandra, katika karne ya 10. Kitabu chake Gommatasara aliandika kwa ajili ya Chamundaraya, waziri na jemadari wa wafalme wa Ganga, yule yule aliyesimamisha sanamu ya Bahubali huko Shravanabelagola mnamo 981, jiwe moja lenye kimo cha zaidi ya mita 17. Ni jambo la kutafakariwa kwamba ramani ya ndani kabisa ya roho iliandikiwa mtu wa vita. Beti za Gommatasara ni fupi na kavu, zimetungwa zikaririwe. Hata hivyo, ukavu huo umetiwa chumvi na tashbihi za jikoni na za njiani, na ni katika tashbihi hizo ndipo umbo halisi la ngazi linapofichuka.

Daraja ya kwanza ni ya mtazamo potofu. Roho nyingi mno zimo humo tangu milele, na ziko ambazo hazitatoka kamwe kwa kuwa hazina uwezo huo katika asili yake. Mtu wa daraja hii hafananishwi na mwovu, bali na mgonjwa wa homa ambaye hata kitamu hakimwelei kinywani. Daraja ya pili huitwa sasvadana, 'yenye ladha'. Hapa ndipo ngazi ya vitabu vya utangulizi inapovunjika. Hakuna roho inayopanda kuingia daraja ya pili. Huingiwa na wanaoanguka tu. Aliyewahi kuuona ukweli akaupoteza hupita hapo kwa muda mfupi kupita kiasi, kama mtu aliyetapika wali wa maziwa ulimi ukabaki na utamu wake, kisha hutua katika ya kwanza. Daraja ya tatu nayo ni mchanganyiko, kama maziwa ya mgando yaliyokorogwa na sukari guru, ambayo huwezi tena kusema ni machachu au ni matamu. Ni kituo cha kuyumba. Wafafanuzi wanasema hakuna afaye akiwa ndani yake. Sharti kwanza aegemee upande mmoja.

Kwa hiyo roho inayoamka kwa mara ya kwanza hutoka daraja ya kwanza moja kwa moja hadi ya nne, na pengine hata ya tano au ya saba. Vitabu vya Shvetambara hueleza tukio hilo kwa kisa cha wasafiri watatu waliokutana na wanyang'anyi msituni: mmoja akageuka akakimbia, wa pili akakamatwa, wa tatu akawashinda akapita. Wanyang'anyi ni mapenzi na chuki, na mahali pa kukutana nao huitwa fundo. Roho nyingi hulifikia fundo hilo na kurudi nyuma, tena na tena. Aliyelifungua ameona, lakini hajaacha lolote: daraja ya nne ni ya mtu ajuaye ukweli na bado anaishi kama jana. Ni mhusika ambaye fasihi ya kila taifa inamjua.

Daraja ya tano ni ya mwumini wa nyumbani mwenye nadhiri, na haihitaji maelezo mengi. Ya sita na ya saba ni za mtawa, na hapa tena mfano wa ngazi unayumba. Mtawa wa daraja ya sita ana uzembe mdogo, wa saba hana; lakini mtu huyo huyo hupanda na kushuka kati ya hizo mbili mara nyingi kwa siku, kwa kuwa hakuna anayeweza kudumu katika ya saba kupita muda ulio chini ya dakika 48. Anayesimama kwenda kuomba chakula ameshuka; anayezama katika tafakuri amepanda. Maisha yote ya utawa ni huko kwenda na kurudi.

Tangu daraja ya nane njia hugawanyika. Kuna wanaoizima hawa kwa kuikandamiza na kuna wanaoing'oa. Wote hupita ya nane, ya tisa na ya kumi, ambapo hubaki tamaa hafifu kama rangi iliyofifia katika kitambaa kilichofuliwa. Kisha waliokandamiza huingia ya kumi na moja, ambako mwonekano wao ni wa usafi kamili. Tashbihi yake ni maji machafu yaliyotulia: tope limekaa chini, maji juu ni maangavu, na chombo kikitikiswa kidogo tu yote huvurugika. Kutoka hapo hakuna kwenda mbele. Hushuka kila aingiaye, na huweza kushuka hata daraja ya kwanza. Waliong'oa hawaigusi ya kumi na moja. Huruka kutoka ya kumi hadi ya kumi na mbili, kama maji yaliyomiminwa katika chombo kingine tope likaachwa nyuma. Basi daraja iliyo juu ya nyingine kumi ni mtego kwa wote waingiao, na aliye katika ya tano ameikaribia salama kuliko aliyeanguka kutoka humo. Mwandishi yeyote aliyetaka kusifu maendeleo ya moja kwa moja asingeibuni daraja kama hii.

Daraja ya kumi na tatu ni ya mjuzi wa yote ambaye bado ana mwili, anatembea na kufundisha. Ya kumi na nne ni ya yule ambaye mwendo wote wa mwili, kauli na akili umekoma. Hudumu kadiri ya muda wa kutamka irabu fupi tano za Kisanskriti. Baada ya hapo roho, ikiwa nyepesi, hupaa hadi kilele cha ulimwengu na kukaa huko. Haijiungi na chochote. Kila roho hubaki peke yake na ujuzi wake.

Yote haya yangekuwa maelezo ya njia iliyo wazi kama si imani nyingine inayokwenda sambamba nayo. Wajaini wa madhehebu yote mawili hushikilia kwamba wa mwisho katika mfululizo wa waliofikia ujuzi kamili katika zama hizi na bara hili ni Jambu, mwanafunzi wa Sudharman, aliyefariki kwa hesabu ya mapokeo miaka 64 baada ya Mahavira. Tangu hapo mwili wa binadamu umedhoofika, na hakuna awezaye kupita daraja ya saba. Nemichandra, alipozichambua kwa makini daraja za nane hadi kumi na nne, aliamini kwamba hakuna aliyezikanyaga kwa zaidi ya miaka 1,300, wala yeye mwenyewe asingezikanyaga katika maisha yale. Mtu aweza kuuliza faida ya uchambuzi huo ni nini. Jibu la wanatheolojia lipo: ziko nchi nyingine za ulimwengu wa Kijaini ambako washindi wangali wanafundisha, na aliyejiandaa hapa aweza kuzaliwa huko. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini fasihi ya kisimulizi ilistawi hasa katika zama zilizofungwa. Yamkini ni kwamba masimulizi ndiyo yaliyowapa waumini njia ya kuzunguka katika vyumba ambavyo miili yao haikuruhusiwa kuingia.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni Upamitibhavaprapancha Katha ya Siddharshi, iliyokamilika mwaka 906 huko Bhinmal, katika Rajasthan ya leo. Ni istiari ndefu ya Kisanskriti yenye sehemu nane. Msimulizi wake ni Samsarijiva, yaani 'roho ya kidunia', mwizi anayepelekwa kuuawa, ambaye anasimulia safari yake yote tangu mji ambao roho zimesongamana bila majina wala shughuli. Mkewe anaitwa Bhavitavyata, 'Kitakachokuwa', na kila maisha yakimalizika humpa kidonge kipya kinachombadilisha umbo: mara mmea, mara mnyama, mara mwana wa mfalme. Hasira humjia katika sura ya rafiki wa utotoni, na kwa ushauri wa rafiki huyo huharibu kila alichopewa. Katika ramani ya kitabu hiki mna mlima wa Viveka, 'Upambanuzi', na kilele chake kimepewa jina la kutokuwa na uzembe, yaani jina la daraja ya saba. Siddharshi aliujenga mji wa Wajaini juu ya kilele hicho hicho, mahali pa juu kabisa ambapo msomaji wake angeweza kufika katika zama zile. Uteuzi huo si wa bahati nasibu. Ikilinganishwa na Gommatasara, istiari hii ina kasoro ya urefu, na majina ya wahusika yanafichua maana kabla tukio halijatokea. Lakini inafanya jambo ambalo orodha haiwezi. Inaonyesha kuanguka kwa macho ya anayeanguka. Samsarijiva huuona ukweli, huupoteza, na huishi maisha kadhaa asikumbuke kwamba aliwahi kuuona.

Namna nyingine ya kusimulia daraja za roho ilipatikana mchezoni. Ubao wa gyanbazi, ambao nakala za Kijaini zake aghalabu huwa na vyumba 84, ulichezwa kwa kete, ngazi zikimpandisha mchezaji na nyoka wakimrudisha. Waingereza waliuchukua mchezo wa jamii hii mwishoni mwa karne ya 19, wakafuta majina ya vyumba vyake, na ndio ule wa nyoka na ngazi unaojulikana na watoto wa Nairobi na Mombasa. Wajaini wa Kenya wenyewe, wengi wao Waoshwali wenye asili ya Gujarat walioanza kuhamia hapa karne ya 20 ilipokuwa ikipambazuka, ni Shvetambara, na hekalu lao la marumaru huko Mombasa limesimama tangu 1963. Jambo hilo lina umuhimu katika suala linalofuata, kwa sababu daraja hazihesabiwi sawa na madhehebu yote.

Shvetambara husimulia kwamba wa kwanza kukombolewa katika zama hizi alikuwa mwanamke, Marudevi, mama yake Rishabha. Hakuwa mtawa. Alikuwa juu ya tembo, akienda kumwona mwanawe, alipouona utukufu wake, akaingia katika tafakuri, akapita daraja zote za juu kwa dakika chache na kufariki papo hapo akiwa huru. Vile vile wanamhesabu Malli, mshindi wa kumi na tisa, kuwa mwanamke. Digambara wanakana yote mawili. Kwao mtawa kamili hana nguo, mwanamke haruhusiwi kukaa bila nguo, na kwa hiyo mwanamke, hata aliyenyoa na kuacha nyumba, hawezi kupita daraja ya tano. Shakatayana, mwanasarufi wa karne ya 9 wa madhehebu ya Yapaniya ambayo sasa yametoweka, aliandika risala nzima kuipinga hoja hiyo, akidai kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa mwanamke hukosa mtazamo sahihi, ujuzi sahihi au mwenendo sahihi.

Mgogoro huu ulirudi kwa sura ya uhakiki wa matini katika karne ya 20. Shatkhandagama pamoja na Dhavala, ufafanuzi wa Virasena ambao kwa kawaida huwekwa mwaka 816, ulikuwa umehifadhiwa Mudbidri katika Karnataka kwenye majani ya mtende, ukitazamwa kwa heshima lakini haukusomwa. Hiralal Jain alipoanza kuuchapisha mwaka 1939 kwa kutegemea nakala zilizotoka humo, alikuta tatizo katika fungu la 93 la sehemu ya kwanza. Fungu hilo huorodhesha daraja ambazo binadamu wa kike aweza kuwa ndani yake. Katika nakala hizo, orodha iliishia na mwenye nadhiri ndogo, yaani daraja ya tano. Wahariri waliona kwamba neno moja limedondoka, neno sanjada, 'aliyejizuia', ambalo ni la mtawa na hufungua daraja za sita na kuendelea. Kauli hiyo ilizua hasira miongoni mwa wanazuoni wa Digambara, na haikuwa vigumu kuona kwa nini: andiko lao kongwe lingekuwa limewapa wanawake kile ambacho dhehebu limewanyima. Majani ya Mudbidri yalipokaguliwa, neno lilikuwamo.

Hata bila majani hayo, Virasena mwenyewe alikuwa shahidi. Katika ufafanuzi wake wa fungu hilo anamleta mpinzani anayesema kwamba kwa andiko hili ukombozi wa wanawake umethibitika, kisha anamjibu kwamba sivyo: wanawake huvaa nguo, kwa hiyo hawafikii daraja ya utawa, na 'mwanamke' anayetajwa hapa ni mwanamume mwenye matamanio ya kike. Kama neno sanjada halikuwamo mbele yake, mpinzani huyo hana alichokisimamia na jibu lote halina maana. Dhehebu limeendelea kushikilia jibu la Virasena, na neno limebaki katika matini.

Maandishi ya tamati ya kitabu cha Siddharshi yanamtaja aliyetayarisha nakala yake ya kwanza. Alikuwa mtawa wa kike wa Shvetambara aliyeitwa Gana. Kwa hesabu ya dhehebu lake, mtawa wa namna yake huwa katika daraja ya sita, akipanda ya saba na kushuka. Kwa hesabu ya Virasena, aliyekuwa amefariki miongo kadhaa kabla, hakuweza kupita ya tano.